Daftari la Darasa la Tatu

Saa nne asubuhi mjalidi vitabu wa maktaba alijaza beseni maji safi, akalilaza daftari ndani yake ili matope yatoke. Wifi yake, mfagizi wa maktaba hiyohiyo, alisimama akamtazama.

"Limelowa tayari, nawe unaliongeza maji? Si uliweke juani tu, wifi!"

"Jua litalikakamaza. Kila mtu na kazi yake. Mimi sikufundishi kufagia."

Lilikuwa daftari la mahudhurio la darasa la tatu, lililookotwa kwenye kabati la shule. Wiki mbili nyuma milango ya bwawa ilifunguliwa bila mtu kuambiwa, mto ukapita katikati ya madarasa saa tatu asubuhi. Walikufa watoto thelathini na wanane pamoja na mwalimu wao. Ofisi ya elimu ikatangaza kwamba siku ile shule ilikuwa imefungwa, na waliokufa ni watoro waliokwenda kuogelea.

Mmoja wao alikuwa mjukuu wa mjalidi, aliyepewa jina la Kobe kwa kuchelewa kila mahali. Asubuhi ile Kobe alisema tumbo linamuuma. Bibi yake akamwambia aache deko, akamburuta kwa mkono mpaka mlangoni mwa darasa. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kumrudisha hawezi, basi angalau asiitwe mtoro.

Alilihangaikia daftari siku sita. Hakulazimisha ukurasa kufunguka. Alipachika karatasi za kufyonza maji, akazibadilisha kila saa, na kurasa zilizogandana akazitenganisha kwa ubapa wa mfupa. Wino wa kalamu ulikuwa umetoka wote, miezi mitano ya shule imekuwa doa moja la buluu; yalibaki majina tu, yaliyopigwa chapa. Lakini marehemu mwalimu alikuwa na mazoea yake: asubuhi aliweka alama kwa penseli akiwasubiri wachelewaji, kisha saa saba akazipitia kwa wino. Siku ile hakuifikia saa saba. Alama thelathini na nane za penseli zilikuwa palepale.

Ukurasa ulipokauka, watoto walianza kuitika. Saa mbili kamili asubuhi, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa majina: "Nipo." Wifi akaleta tambara, maana sakafu ilijaa nyayo ndogo zenye maji.

"Hawa nao! Hawajui kufuta miguu," alinung'unika. Wasomaji wa magazeti waliomba mlango ufungwe.

Mjalidi akamwita afisa elimu. Afisa alipoingia, watoto walimwamkia kwa pamoja.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Madawati yakasikika yakivutwa. Afisa akavaa miwani, akausoma ukurasa mpaka mwisho.

"Kazi nzuri, mama. Ila hii ni penseli."

"Si unawasikia wenyewe?"

"Nawasikia. Lakini utaratibu unataka wino. Penseli anaweza kuandika yeyote."

"Aliyeandika amekufa, bwana!"

"Ndiyo hivyo, mama. Hatuna wa kumuuliza."

Hasira zilimpanda mjalidi. Afisa alimpa pole, akawaaga watoto, akaenda zake.

Mwezi uliofuata ripoti ya ofisi ya elimu ililetwa mezani kwa mjalidi iwekewe jalada gumu, kwa kuwa mjini pale fundi alikuwa yeye tu. Aliisoma huku akiishona. Ukurasa wa tisa: watoro thelathini na wanane. Alilitazama beseni. Lakini wino wa mashine hautoki kwa maji, na hilo nani alijue kama si yeye? Akaipaka gundi, akaibana kwenye kibanio, akaikata kingo zikanyooka. Haikuwa na kasoro hata moja.

Kesho yake saa mbili alilifungua daftari akaita majina. Wakaitika thelathini na saba. Akasubiri, kidole juu ya jina la mwisho. Wifi alikuwa ameshakamua tambara.

"Nipo," sauti ikasema, ikihema.

"Umechelewa tena, mume wangu," akasema bibi. "Haya, kaa."