Maneno Aliyoambiwa Ng'ombe

Mwaka ule gari la moshi la Wajerumani lilipofika Dodoma kwa mara ya kwanza, ng'ombe wa Zipora alizuia maziwa.

Aliitwa Madoa. Ndama wake alikuwa amekufa siku hiyohiyo ya gari la moshi, na aliyesababisha ni Matonya, mkwe wa Zipora. Matonya alikuwa akiwarudisha ndama bandani aliposikia mluzi kutoka upande wa reli, sauti ndefu kama ya mnyama asiyejulikana, akakimbia kwenda kuona. Miti ya mlango hakuirudishia. Ndama akatoka, akatangatanga mpaka kwenye shimo walikochota udongo wa kujengea reli, akatumbukia na kuvunjika shingo.

Ingekuwa ndama tu, Zipora angelia siku mbili akanyamaza. Lakini ndani ya tembe alilala Hana, mjukuu wake wa miezi minne, ambaye mama yake, Lydia, binti wa Zipora na mke wa Matonya, alifariki siku ya kumzaa. Maziwa ya Madoa ndiyo yaliyokuwa yakimweka mtoto hai. Jirani yao Yudith alimnyonyesha mara moja kwa siku, wala hakusema hata siku moja kwamba amechoka, ingawa wa kwake mwenyewe alikuwa bado analia njaa. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na ng'ombe wa mazizi mengine yote walikuwa wamekauka maziwa.

Siku ya kwanza Madoa alitoa maziwa ya kulowanisha kiganja. Siku ya pili alipiga teke, kibuyu kikapasuka.

Zipora hakuwa mtu wa kelele. Hasira yake iliingia bila kupiga hodi, ikakaa kitako. Aliposaga uwele ilisaga naye. Alipokwenda kisimani ilitangulia mbele. Angeweza kuisema, pengine ingepungua, lakini angemwambia nani? Kwa desturi yao, mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, na kumgombeza mkwe ana kwa ana ni aibu kubwa. Basi maneno yalirudi tumboni, na kutoka tumboni yakashuka mikononi, na mikono hiyo ndiyo iliyomshika ng'ombe.

Asubuhi ya tatu vumbi lilikuwa limetanda jeupe juu ya ardhi, hata miguu ya ng'ombe haikuonekana, wakawa kama wanaelea. Katikati ya weupe ule Zipora akamwona mtu anakuja, amebeba ndama begani. Moyo ulimruka. Kwa kitambo kidogo aliamini kwamba mambo yote yale yalikuwa ndoto, na kwamba sasa ameamka.

Alikuwa Matonya. Alichobeba kilikuwa ngozi ya yule ndama aliyekufa, imejazwa nyasi, imeshonwa vizuri na kupakwa maji ya chumvi ili mama yake ailambe. Vidole vya Matonya vilikuwa vimechomwachomwa na sindano. Aliisimamisha ngozi mbele ya Madoa, kisha akaenda kusimama upande wa pili wa ng'ombe, ili tumbo lile kubwa liwe ukuta kati yake na mama mkwe wake.

Madoa akanusa, akaanza kulamba. Zipora akachuchumaa, akavuta. Hakikutoka kitu.

"Wewe Madoa," Matonya alimwambia ng'ombe, "umezoea kuimbiwa. Yule aliyekuwa akikukamua alikuwa anakuimbia."

Aliyekuwa akimkamua ni Lydia. Zipora akafumbua mdomo amfuatishe mwanawe. Sauti ya wimbo ilikuja yenyewe, lakini maneno yaliyokuja nayo hayakuwa ya wimbo.

"Madoa, mama wee, kwetu kuna mtu, ana macho ya kutazama moshi, hana macho ya kutazama mlango."

Wimbo wa kukamulia hauharakishwi, kila neno sharti lisubiri mkono. Akavuta.

"Miguu yake mirefu, mama wee, akili imechelewa njiani."

Maziwa yakagonga kibuyu kipya. Zipora hakuamini, akaendelea. Aliimba shimo, akaimba kibuyu kilichopasuka, akaimba ndama aliyelia peke yake. Upande wa pili Matonya alisimama akiyapokea moja moja. Na maneno ya ndama yalipokwisha, yalikuja mengine ambayo Zipora mwenyewe hakujua kama yamo.

"Alitumwa kumwita mkunga, mama wee, akaenda akakawia, mwanangu akamngoja, mwanangu akachoka."

Hapo Matonya alivuta pumzi.

"Madoa," alisema taratibu, "mwambie mama kwamba mkunga alikuwa amekwenda kijiji cha Kizota. Nilimfuata mbio. Alikuwa mzee, magoti mabaya, hawezi kukimbia. Nilimbeba mgongoni njia nzima. Nilianguka mara mbili."

Mikono ya Zipora ikasita, kisha ikaendelea kukamua. Hakuwahi kuambiwa hilo. Nani angemwambia? Alimwona siku ile mkunga akiingia, hakuona alivyofika. Alikumbuka sasa magoti ya Matonya aliyoyaona yamechubuka siku ya maziko, naye alidhani ni ulevi. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Ya mlango bado," akaimba mwishowe, sauti imelegea.

"Ya mlango ni kweli," Matonya alimwambia ng'ombe. "Ya mlango sina la kusema."

Kibuyu kilijaa mpaka shingoni. Zipora akasimama, akampapasa Madoa mgongo.

"Mwambie na kesho asichelewe. Bado nina maneno."

"Madoa, mwambie mama nitakuja."

Zipora akaingia ndani, akampakata Hana na kumnywesha. Nje, mgongo akiwa ameuelekeza mlangoni kama adabu inavyotaka, Matonya alisimama akimsikiliza mtoto wake anavyomeza.