Ng'ombe Aliyetajwa Kwanza

Gaju alikataa tena. Rutayisire alimpaka siagi kwenye chuchu, akamwimbia sifa za ng'ombe wa babu yake, akampa chumvi kiganjani. Ng'ombe aliilamba chumvi yote bila haya, kisha akageuza shingo kuelekea njia ya Sake, akalia. Kibuyu kilibaki kikavu. Ng'ombe wa milima ya Masisi ndivyo alivyo: asipomwona ndama wake ubavuni huyazuia maziwa, na hapo hata fundi wa kukamua hujikamua jasho lake mwenyewe.

Mlangoni alisimama mkewe, Mukabaranga, akiwa amempakata binti yao Annonciata. Surua ilikuwa imempitia mtoto yule na kumwachia macho makubwa na shingo nyembamba. Ugali aliutema, uji aliutema. Maziwa ndiyo yaliyokubali kukaa tumboni.

"Papa Annonciata," mkewe alisema, "ile ndama iko wapi kweli?"

"Nilikuambia. Iko Kashuga, kwa kaka yangu. Kule majani iko mazuri."

"Muntu gani anatoa ndama kwa mama yake mbele ya kuacha kunyonya?"

Rutayisire aliinama akajitia kufunga kamba ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Uongo una miguu mifupi, na huu wake haukuwa umefika hata Kashuga. Ndama alikuwa Sake, kwa Hubert, mkulima wa migomba, aliyempata kwa kumshinda Rutayisire kwenye karata Jumapili iliyopita. Na Gaju hakuwa ng'ombe wa kuokotwa. Callixte, babake Mukabaranga, ndiye aliyemtoa. Kwa desturi yao, mali ya mahari ikishazaa, baba wa binti humrudishia ng'ombe mmoja binti yake na mumewe ili nyumba yao isikose maziwa. Ng'ombe wa namna hiyo huitwa indongoranyo, na mwenye kumpoteza huona aibu hata kuitikia salamu za wakwe.

Jumapili, baada ya misa, aliteremka Sake kumkomboa ndama. Nyuma ya lori la Pierre kreti lilikuwa limeshapinduliwa, karata ziko juu yake. Pierre alikuwa dereva wa njia ya Walikale, na mchezo wa poka alijifunza huko kwa watu wa machimbo. Ni yeye aliyewafundisha wenzake: karata tano kwa kila mtu, unabadilisha usizozitaka, halafu mnasema mnaweka nini. Aliyeketi kushoto kwa mgawaji husema kwanza. "Na mwenye kusema kwanza," Pierre alizoea kuwaambia, "iko sawa na mwenye kutangulia mu pori ya Walikale. Umande yote njo yake."

Siku hiyo Pierre aligawa tu, wakacheza wawili. Hubert aliweka ndama. Rutayisire aliweka mikono yake: akishindwa, angelima shamba la Hubert msimu mzima. Kushoto kwa Pierre aliketi yeye Rutayisire.

Alizifunua karata zake taratibu. Asi mbili. Wafalme wawili. Na saba moja isiyo na kazi. Akamwona ndama tayari akipanda mlima mbele yake. Aliitupa saba, akapewa karata ya namba tatu, haidhuru. Hubert naye alibadilisha karata moja tu, akaitazama, akajikuna kidevu.

"Njo wewe unasema wa kwanza," Pierre alimkumbusha.

Angeweza kunyamaza. Asi na wafalme wangejitetea wenyewe, na kama wangeshindwa, hasara ingekuwa jembe na mgongo kuuma. Lakini ile karata moja ya Hubert ilimkosesha raha. Ilimletea nini? Mwenye kusema kwanza hana uso wa kusoma wala neno la kupima. Akaogopa, na kwa sababu ya kuogopa akataka kuonekana hana woga. Alitaka Hubert atishike, atupe karata zake na kukubali kushindwa, mambo yaishe, ndama arudi nyumbani.

"Ninaweka Gaju," alisema.

Kwao, ng'ombe akitajwa, maneno huisha. Wazee hupiga makofi, hata waliokuwa wakibishana tangu asubuhi hushukuru na kunyamaza. Hakuna anayethubutu kuendelea na ubishi mbele ya ng'ombe. Rutayisire alisubiri kimya hicho kama haki yake. Ila Hubert hakuwa mtoto wa wafugaji.

"Iko ng'ombe ya maziwa?" Hubert aliuliza.

"Ya maziwa."

"Basi miye naweka mutamba yangu iko Shasha, na shamba ya migomba juu yake, tuwe sawa."

Akalaza karata zake juu ya kreti, moja baada ya nyingine. Zote tano zilikuwa kopa, na kopa tano huzishinda jozi mbili. Pierre aliguna, akaangalia pembeni. Ndipo Rutayisire alipoelewa: ng'ombe wake angemtisha yule tu ambaye angeshindwa hata bila kutishwa. Mwenye kushinda atishwe na nini?

Nyumbani alimwambia mkewe yote, ya Kashuga na ya Sake. Mukabaranga hakulia wala kutukana. Aliuliza tu, "Na baba yangu utamwambia nini?" Kisha akamfunga mtoto mgongoni, wakateremka pamoja na Gaju.

Ng'ombe hana habari za aibu. Alipomwona ndama uani kwa Hubert alikimbia kama mtamba, akamlamba masikio, macho, mkia. Maziwa yakaanza kudondoka yenyewe. Hubert alijaribu kukamua, akapigwa teke, akacheka na kurudi nyuma.

"Papa Rutayisire, saidia. Miye hii kazi siijue."

Rutayisire alichutama. Maziwa yalitoka kwa nguvu, yakatoa povu, na furaha ikampanda kifuani kabla hajakumbuka kwamba hakuwa na haki nayo. Akauegemeza uso wake kwenye ubavu wa Gaju wasimwone.

"Ukuwe unakuja kila asubuhi mbele ya kulima," Hubert alisema, na hakusema kwa ubaya. "Unanikamulia, na mutoto anapata kikombe yake."

Mukabaranga alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Annonciata alikunywa bila kupumua, povu likamkaa juu ya mdomo. Alipomaliza alikigeuza kikombe, akachungulia ndani, kisha akamnyooshea baba yake.

"Ingine, papa."

Rutayisire alikiinua kibuyu kilichojaa, akakiinamisha mpaka maziwa yakafika ukingoni mwa kibuyu. Hapo mkono wake ukasita. Akamgeukia Hubert, akamtazama usoni, akasubiri yeye aseme kwanza.