Rubani wa Ndege Isiyo na Rubani

Baba hakuchoka kumtania binti yake kila alipotoka kazini jeshini. "Haya, rubani wa ndege isiyo na rubani! Leo umepaa na kiti gani?"

Mzee alikuwa mstaafu wa mizinga ya kutungulia ndege. Enzi zake ndege za namna hiyo zilirushwa ili zipigwe tu, askari wajifunze shabaha, na kwake zilibaki kuwa midoli. Binti alicheka naye, lakini jina hilo lilimkera, tena sana. Haina rubani kivipi, jamani? Rubani si huyu hapa, amekaa chini!

Mchana huo alikaa kwenye chumba cha skrini kambini, kiyoyozi kinavuma, sweta mabegani, huku ndege yake ikizunguka juu ya bonde la mbali. Asubuhi hiyo doria ya askari wenzake ilikuwa imeshambuliwa bondeni humo. Sasa watu kadhaa walipita kwa mstari, kila mmoja na kitu kirefu begani.

"Bunduki hizo," alisema kanali, mkuu wake, aliyesimama nyuma yake. "Piga."

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Mara yule wa mbele akashusha mzigo wake, akauchomeka ardhini, akauegemea kupumzika. Lo! Tangu utotoni binti alimsikia baba yake akifoka: mdomo wa bunduki usiguse udongo, hata uwe hoi vipi!

"Si bunduki, afande. Sipigi."

"Unaogopa nini? Ndege yenyewe haina rubani!"

"Inaye, afande. Ni mimi. Naishusha tuone vizuri."

Kanali alimkodolea macho, lakini hakumzuia. Ndege ikashuka. Yakaonekana makoleo, na tope hadi magotini. Watu walikuwa wanazibua mfereji wao. Mmoja aliinua uso akapunga mkono.

"Mungu wangu," alisema kanali, akatafuta kiti.

Binti aliirudisha ndege, akaitua salama.

Jioni alimwambia baba yake yale yaliyoruhusiwa kusemwa.

"Ulijuaje?" mzee aliuliza.

"Alichomeka kitu chake udongoni."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akafuta macho kwa kiganja.

"Kesho unaingia kazini saa ngapi, rubani?"

Binti alingoja utani uliobaki. Haukuja.