Mstari wa Mtoto Ambaye Hajatajwa

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024. Usiku kucha mvua ilikuwa imepiga milimani, na asubuhi yalibaki manyunyu tu. Mto Mulongwe ulishuka na matope mekundu, ziwa likageuka rangi karibu na ufuko. Umeme ulikatika alfajiri, ukarudi. Mama Ernestine alipiga ishara ya msalaba, akaketi mbele ya ordinatere, yaani kompyuta, mpya ya maternite, nyumba ya uzazi ya masista, pale mtaa wa Songo.

Katika nyumba hiyohiyo mikono yake ilikuwa imefua mashuka ya akina mama waliojifungua kwa miaka mingi. Ndipo, akiwa tayari na wajukuu, akaingia masomo ya jioni. Watu walicheka, yeye akasali, akaenda. Sasa kumbukumbu za watoto wote waliozaliwa hapo, zile zinazotumiwa kuwaita mama zao kwa chanjo, zilipaswa kutoka katika mashine ya zamani na kuingia katika hifadhidata mpya. Hifadhidata hiyo aliijenga mwenyewe, jedwali kwa jedwali, akisimamiwa na mwalimu wake, Gédéon.

Masera Generose, sista mkuu wa maternite, alikuwa amesema waziwazi: mashine ya zamani inakohoa. Kazi isipoisha leo, mashine zote mbili zitapanda gari kwenda Bukavu, na huko ndiko zitakakotunzwa. Ernestine ndiye aliyekuwa ameomba aachiwe kazi hiyo, tena mbele ya wafuaji wenzake. Maneno hayo hayakuweza kumezwa tena.

Alibonyeza amri ya kuhamisha kumbukumbu. Mashine ikangoja, ikangoja, kisha ikaandika kwamba muda umepita bila jibu.

"Mwalimu, iko kimya," alisema.

Gédéon alikuwa kwenye benchi, kikombe cha chai mkononi. "Minye, mwalimu wako, leo mikono yangu iko mu mufuko, Mama Ernestine. Sali rozari yako."

Hakuwa akimdhihaki. Darasani Ernestine alikuwa amejiwekea namna yake ya kutafuta kosa: punje ya kwanza ya rozari ni waya, inayofuata ni anwani, kisha mlango, kisha ufunguo. Hairuki punje. Alishika ya waya, akainama chini ya meza: waya umekaza. Akashika ya anwani, akaenda kuitazama mashine ya zamani. Kumbe umeme uliporudi, ilikuwa imepewa anwani nyingine, na yeye alikuwa akibisha kwenye nyumba isiyo na mtu. Alirekebisha, akabonyeza tena.

Safari hii jibu lilikuja upesi: muunganisho umekataliwa.

"Asante, Bwana!" alisema Ernestine.

"Unashukuru kukataliwa?"

"Mwalimu, mwenye kukukatalia iko nyumbani. Kwa ile nyumba ya kwanza hakukuwa hata mutu."

Gédéon alicheka hadi chai ikamwagika. Ernestine alikuwa amefika kwenye punje ya mlango. Programu ya kumbukumbu katika mashine ya zamani haikuwa imeamka baada ya umeme kukatika. Aliiamsha, akatoa ufunguo wake, yaani neno la siri, na mashine mbili zikaanza kuzungumza.

Majina yakapita kwenye kioo kama watu wanaotoka misa. Halafu yakasimama. Maneno mekundu yakasema kwamba jina haliwezi kuwa tupu, na yote yaliyokwisha kupita yakarudi yalikotoka.

Ernestine aliutafuta mstari uliokataliwa. Jina la mama: Chérie, wa Luberizi. Jina la mtoto: hakuna.

Alimjua. Chérie alikuwa bado kitandani chumba cha pili, na mtoto alikuwa hajatolewa nje. Kwa watu wa uwanda wa Ruzizi, kama hao wa Luberizi, mtoto hatajwi jina kabla siku zake za kutolewa nje kwa sherehe hazijatimia. Kwa waliomtangulia, nafasi ya jina katika mashine ya zamani iliachwa wazi, nyumbani mtoto akapewa jina, na hakuna aliyerudi kuliandika. Wa namna hiyo walikuwa wengi.

"Bon," alisema Gédéon, "tuwaandike wote Bebe, tumalize."

"Nani Bebe?" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Bibi Florentine, mama mkwe wa Chérie, na beseni la uji kiunoni. "Weye iko unamupa mujukuu wangu jina? Weye njo baba yake? Ulileta mbuzi gani kwetu?"

"Samahani, bibi. Ni mashine njo inaomba."

"Ingoje! Sisi wote tunangoja."

Ernestine alifumba macho kidogo. Aliomba kuona, basi. Alipoyafumbua aliona kwamba mtoto hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la bawabu, yaani sheria iliyomzuia mlangoni.

"Mwalimu, ile sheria ya jina, minye njo niliiandika. Minye njo nitaifungua. Jina la mama liwe la lazima. La mutoto linaweza kungoja."

"Itapita," alisema Gédéon, sasa bila kucheka. "Lakini ukifungua, watu watazoea. Majina yatabaki wazi mpaka watoto waote ndevu."

"Fungua kwanza," alisema Masera Generose, aliyekuwa ameingia kimya. "Halafu utaniambia nani atawafuata kwao kuuliza majina."

Ernestine aliandika amri hiyo mwenyewe, neno kwa neno. Akabonyeza. Majina yakapita, na mistari isiyo na majina ikapita kati yao, kila mmoja ukimshika mama yake mkono, mpaka wa mwisho. Gédéon aliweka kikombe chini, akasimama kama mtu asimamavyo Injili ikisomwa.

"Mama Ernestine," alisema, "minye nilifundisha. Weye umefanya."

Machozi yalimjia, akayaacha. Kisha alisimama, akanyoosha kitenge chake, akaweka mkono juu ya ordinatere mbele ya Masera, mwalimu na Bibi Florentine.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema kwa sauti iliyofika hadi chumba cha pili, "kila mutoto anayengoja jina, minye Ernestine nitauliza kwao mpaka aitwe. Na huyu wa Chérie, siku mutamutoa nje nitakuja kwenu Luberizi, nisikie jina lake kwa kinywa cha baba yake, na mukono huu njo utaliandika."