Glasi ya Tatu ya Lehbib

Maman Émérance alikuwa akimenya ndizi jikoni kwake, barabara ya Chaussée de Wavre, Brussels, Lehbib alipotokea ukutani kati ya jiko na friji, miguu mitupu, kitambaa cha kufungia macho kimepandishwa hadi kwenye paji la uso. Mchanga ulimdondoka. Émérance alimsogezea kiti, kisha akachukua ufagio.

Lehbib alikuwa kaka wa mpangaji wake, Salka, Msahrawi, mtu wa jangwani. Askari walimtoa kitandani mjini kwao, El Aaiún, mwaka 1976, na tangu hapo wakubwa wakajitia hamnazo, kana kwamba hawajui aliko. Salka naye alifungwa, akaachiwa, akaja Brussels. Hakuwahi kurusha hata kokoto. Alisimama tu na picha ya kaka yake mbele ya milango ya ofisi, mvua ikimnyeshea.

Kwao chai hunywewa glasi tatu, na mgeni haondoki kabla ya ya tatu. Lehbib alikuwa akiishia ya pili. Kila mara walinzi huko gerezani walianza kuhesabu wafungwa, naye alirudi ukutani.

Siku hiyo, mwaka 1994, hakunywa chai. Ofisi moja ya masuala ya watu waliopotezwa ilikuwa imekubali kumsikiliza Salka, kwa hiyo Émérance alimvika Lehbib koti na viatu vya marehemu mumewe, wakapanda basi watatu.

Afisa alikuwa mtu wa adabu. Alitazama picha, akamtazama Lehbib, akakubali kwamba ni yeye. Émérance alishusha pumzi.

“Madame,” afisa akasema, “kaka yako yuko hapa. Basi hajapotezwa.” Akafunga faili.

Salka alieleza kwamba walinzi wangemwita kaka yake wakati wowote. Kweli, Lehbib alivua koti na viatu, akaingia ukutani kando ya kalenda. Salka akauliza, na sasa je? Afisa alisikitika; faili, alisema, ilikwisha kufungwa. Akamkabidhi Émérance koti na viatu.

Ndani ya basi Salka alilia bila kujificha.

Kesho yake Lehbib alipokuja, Émérance alimimina chai ya glasi zote tatu katika kikombe kikubwa.

“Papa, kunywa yote mara moja. Bale balinzi bataita tu.”

Salka alikichukua kikombe taratibu, akairudisha chai kwenye birika.

“Hapana, maman. Ya tatu atainywa watakapomwachia.”

Lehbib alikunywa mbili, akashusha kitambaa machoni mwenyewe, akaondoka. Salka alimimina ya tatu, akaiweka mbele ya kiti kitupu. Wanawake wale wawili waliketi nayo mpaka ikapoa, kisha Émérance akafagia mchanga.