Mama Hatalala Lavington

Nzula alipopandishwa cheo katika ofisi yao ya bima katikati ya jiji, alifika nyumbani Kangemi na kumtangazia mumewe mambo mawili: wanahama, tena wanahamia Lavington. Muindi, mtumishi wa serikali mpole asiyewahi kugombana hata na foleni, alimeza tonge lake kwanza.

"Mimi nilikuwa nafikiria Thogoto," akasema. "Kuna uwanja. Mtu anaweza kufuga kuku."

"Kuku! Tutoke hapa twende kukanyaga matope?"

"Si kuku tu..." Muindi akaanza, halafu haya ikamshika, akaangalia sahani. "Ni vile kuku wa kienyeji ni watamu."

Mwezi mzima hoja ya mwanamume huyo ilikuwa kuku. Ukimwambia Lavington ni karibu na kazi, anajibu mayai. Ukimwambia kuna lami mpaka mlangoni, anajibu kuwa jogoo huamsha watu bure. Nzula akaona mumewe anazeeka kabla ya wakati wake.

Yeye mwenyewe alikuwa na sababu, na haikuwa majivuno, ingawa majirani walishaanza kunong'ona hivyo. Mama yake, Mama Veronicah, alimlea hapo hapo Kangemi katika chumba kimoja kwa kufulia watu nguo Lavington. Siku za likizo Nzula alifuatana naye. Waliingia kwa geti ndogo ya nyuma, na chakula cha mchana wakakilia katika chumba cha wafanyakazi kilichokuwa uani, katikati ya ndoo na mafagio. Nzula, mtoto wa darasa la tano, aliapa humo humo kwamba siku moja mama yake ataingia Lavington kwa mlango wa mbele, na atalala huko.

Sasa mama alikuwa amerudi kijijini Mwala, magoti yakimsumbua, na daktari wa Nairobi alitaka kumwona kila mara. Lakini kila alipokuja alilala Kabiria kwa Debra, binti wa dada yake ambaye hakuwa ameolewa. "Nyumba yenu ni ndogo," alikuwa akisema. "Sitaki kuwabana." Maneno hayo yalimchoma Nzula kuliko alivyokubali kuonyesha. Dawa ya nyumba ndogo ni nyumba kubwa, akaamua. Wahenga wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Nzula alikuwa na macho mawili mazuri sana, na bado alihitaji kuambiwa.

Jumamosi moja wakaenda kuiona nyumba yenyewe, ghorofa ya nne. Wakala, kijana Kibe mwenye viatu vilivyochongoka, aliwatangulia akifungua milango kwa mbwembwe. Muindi alibaki chini akidai anakagua magurudumu ya gari. Mama Veronicah alikuja na kitenge chake cha Pasaka na mkoba wa kanisani, na Nzula akasimama kando ili yeye awe wa kwanza kuvuka kizingiti cha mbele.

Mama alisifu vigae. Alisifu jikoni. Alifungua mfereji, maji ya moto yakatoka, akamsifu Mungu.

"Na hiki ni chako, mwaitu, mama yangu," Nzula akasema akifungua mlango wa chumba cha kulala. "Kina choo chake ndani. Kitanda kitakaa hapa, karibu na dirisha."

Mama hakuangalia dirisha. Aliangalia mlango wa pili, uliokuwa unatazamana na huo. "Na kile?"

"Chetu. Mimi na Muindi."

Mama Veronicah akafunga mkoba wake, akageuka, akatoka. Nzula na Kibe walipofika chini walimkuta kwenye kibanda cha getini, amekaa kwenye benchi la mlinzi Zadock, anakunywa chai ya mlinzi huyo. Muindi alikuwa ameugeukia ua wa miti, ameupa mgongo ulimwengu mzima.

"Mama, kuna nini? Chumba hujakipenda?"

"Chumba ni kizuri, hata askofu angelala. Lakini mimi nitalalaje nikimsikia mkwe wangu akikoroma? Asubuhi tukutane hapo njiani, yeye na taulo, mimi na mswaki? Nzula, nilikulea mimi, ama nilikuokota kwa steji ya matatu?"

"Mama, hayo ni ya zamani! Sisi ni watu wa kanisa. Hata Petro alikaa na mama mkwe wake, iko kwa Biblia."

"Iko," mama akakubali. "Na huyo mama mkwe alikuwa na homa. Unafikiri homa ilitoka wapi?"

Zadock alicheka mpaka chai ikampalia. Kibe akajifanya anasoma simu. Nzula peke yake hakucheka, maana kitu kilikuwa kimeanza kumwingia polepole.

"Kwa hivyo Kangemi... haikuwa udogo wa nyumba?"

"Hata ingekuwa Ikulu, singelala."

"Na mbona hukuniambia miaka hii yote?"

"Mambo ya nthoni hayasemwi, mtoto wangu," mama akajibu. Nthoni ni ile haya ya heshima ambayo Mkamba anakaa nayo mbele ya mkwewe, na ukishaitangaza umeshaivunja. "Nilidhani unajua."

Nzula akamgeukia Muindi. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua," ua ukajibu.

"Sasa hadithi ya kuku ni ya nini?"

"Ningesema nini, Nzula? Mwanaume aanze kupanga mahali mama mkwe atalala? Nikaona heri niseme kuku."

Hasira na kicheko vilimjia Nzula pamoja, na kicheko kikashinda.

Wakaelekea Thogoto alasiri hiyo hiyo. Mama alikaa nyuma, kona ya mbali kabisa na Muindi aliyeshika usukani, na kutoka Dagoretti Corner hadi mwisho wa lami maneno yalipitia kwa Nzula.

"Mwambie apunguze mwendo."

"Amesikia, mama."

"Wewe mwambie tu."

Mwenye nyumba, Mama Shiko, aliwapokea kwa gambuti za matope miguuni na kicheko kikubwa. Nyumba ilikuwa nzuri, pana, na nyuma yake kweli kulikuwa na banda la kuku. Halafu, ng'ambo ya uwanja, chini ya mparachichi, Nzula akakiona chumba cha nje: mlango mmoja, dirisha moja, choo pembeni. Hakikuwa na ndoo wala mafagio, lakini alikijua.

"Hapana," akasema, na machozi yakamtoka bila kuombwa. "Mama, sikusoma nikapanda cheo ili nikuweke chumba cha wafanyakazi. Uani tena? Hapana."

Mama Veronicah alisukuma mlango, akachungulia dirisha, akagonga ukuta kwa kiganja.

"Ufunguo uko wapi?" akauliza.

Mama Shiko akautoa kwenye kishada chake, akampa. Mama aliugeuza geuza mkononi.

"Kule Lavington nilifua mpaka mikono ikazeeka," akasema, "na sikuwahi kushika hata ufunguo wa ile geti ndogo. Nilikuwa nagonga, nangoja. Mvua inyeshe, nangoja."

Akaingia, akafunga mlango, na wote wakasikia ufunguo ukizunguka.

Upande wa banda, Muindi aliyeukazia macho ukuta wa jirani alikuwa akimwuliza Mama Shiko kwa sauti ya chini kuhusu vifaranga. Nzula akasogea mlangoni, akagonga.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Nzula."

"Ngoja hapo kwanza."

Nzula akapangusa macho kwa kiganja, akasimama mlangoni pa mama yake, akangoja.