Kiu ya Siku Arobaini

Liborio Scozzari alipanda mlimau wake wa kwanza kwa baruti. Msicheke. Ule mteremko wa juu ya Palermo ulikuwa jiwe tupu na mipungate ya miiba, hata mbuzi walikuwa wanaupita mbio. Liborio, mwendesha nyumbu asiye na mbele wala nyuma, aliununua, akaupasua, akajaza mashimo udongo alioubeba mgongoni, yeye na Masi, mume wa dada yake Rusulia. Baruti ilimla Masi vidole viwili. Miaka ishirini baadaye palisimama milimau elfu mbili, na malimau ya Scozzari, kila moja ndani ya karatasi yake, yalikuwa yanapanda meli kwenda New York.

Lakini kilichowatia watu wivu hasa ni kiu. Wenzake walivuna wakati wa baridi, wote kwa mkupuo, wakauza kwa bei ya kutupa. Liborio aligundua kwamba mlimau ukinyimwa maji tangu Juni, siku arobaini, mpaka majani yajikunje, kisha ukanyweshwa ghafla hadi ushibe, unashtuka. Unatoa maua Agosti, na matunda yake yanaiva kiangazi kinachofuata, wakati sokoni hakuna limau hata la dawa. Ila siku ya arobaini ni ya arobaini. Ukichelewa siku mbili tatu, umebaki na kuni.

Na maji yalikuwa mkononi mwa Don Ninfo Carramusa. Kwa sheria mfereji ni wa wakulima wote, lakini yeye ndiye aliyegawa zamu, na kufuli ya lango la maji ilikuwa yake. Mwaka ule alimtaka Liborio amwajiri mpwa wake kuwa mlinzi wa bustani. Kule kila mtu anajua maana yake: mwaka wa kwanza mlinzi analinda, wa pili anauza malimau, wa tatu wewe ndiye unayemwamkia. Liborio akakataa. Asubuhi yake akakuta milimau thelathini imekatwa chini ya magoti, na mbwa wake kaning'inizwa mlangoni. Akakataa tena. Ndipo Don Ninfo akamfungia maji.

Angenyamaza tu, basi. Ilikuwa Juni, na maji hata hakuyataka. Lakini kichwa kilikuwa kimemvimba. Kwa kinyozi, povu usoni, mbele ya watu sita, akacheka.

"Nifikishieni shukrani kwa Don Ninfo. Miti yangu inataka siku arobaini za kiu, na yeye ananipa bure."

"Libò, nyamaza," Masi alimnong'oneza. "Mwenye ufunguo unamhesabia siku wewe mwenyewe?"

"Niache nifurahi, shemeji. Sura hiyo ya msiba kaitoe nje."

Mdomo ule jamani. Don Ninfo hakuwa anajua lolote kuhusu siku arobaini. Sasa alijua. Siku ya thelathini na tisa akaweka watu wawili wenye bunduki kwenye lango la maji, akatuma salamu kwamba anamwongezea Don Libò wiki moja, zawadi.

Siku ya arobaini na moja, saa saba mchana, jua limewalaza hata nzi, Liborio na Masi walipanda hadi langoni na nyumbu mmoja. Mlinzi wa kwanza alikuwa anakula mkate na kitunguu. Liborio alimfyatulia mitutu yote miwili ya bunduki yake kutoka hatua kumi tu, kifua kikafunguka, akaanguka mkate ungali mkononi. Wa pili alipiga risasi moja huku akikimbia kuteremka kijijini. Ilimpata Masi pajani.

Liborio alivunja kufuli kwa nyundo, akainua lango. Maji yakatoka yakinguruma, yakashuka kwenye miti.

Masi alikuwa amekwishafunga mkanda juu ya jeraha. "Nipandishe kwenye nyumbu," alisema. "Daktari ni nusu saa tu."

"Yule anakuja na wenzake. Nikiondoka watafunga."

"Na wafunge."

"Safu kumi na nne, Masi. Yafike safu ya mwisho, tunaondoka. Kidogo tu, ndugu yangu."

Masi alimtazama, akaegemea mlimau wa karibu. Maji yakashuka. Safu ya tatu, ya tano. Mkanda ulikuwa unaloa, wakafunga shati juu yake, nalo likaloa. Ili asipige kelele alichuma majani akayatafuna. Safu ya tisa alisema, "Libò, nipeleke kwa Rusulia, basi, kama si kwa daktari." Liborio alikuwa amesimama langoni, bunduki imeelekea njiani, na machozi yanamtoka, naapa yalimtoka. Hakugeuka. Kule njiani hakutokea mtu. Maji yalipofika safu ya kumi na nne, Masi alikuwa amekufa, na nyumbu alikuwa anakula nyasi palepale.

"Alikufa papo hapo," Liborio alimwambia dada yake. "Hakusikia maumivu."

Rusulia alimwosha mumewe mwenyewe, mlango kaufunga. Kisha akalitundika lile shati la damu ukutani, juu ya meza ya kulia, kama ifanyikavyo kule: halishuki mpaka mwenye deni la damu aanguke. Ndugu wawili wa Masi wakaja kutoka machimbo ya salfa, wakakaa chini ya shati, hawakuondoka.

Liborio hakuwaachia wao kazi hiyo. Jumapili ya pili ya Agosti alimngojea Don Ninfo atoke misa, akamfuata hadi kwenye birika la kunyweshea farasi. Alimpiga ngumi tumboni, akamzamisha kichwa, akamkalia mabegani mpaka miguu ikatulia. Watu hamsini waliona, na hakuna aliyeona. Akaenda moja kwa moja kwa dada yake, mikono ingali na maji.

"Ninfo amekwisha," alisema. "Literemshe shati, Rusulia."

Rusulia alikuwa anamenya maharage. Hakuinuka.

"Risasi ya Ninfo ilimpata mguuni, kaka. Mguu tu."

"Ndiye aliyemuua."

"Nilimfungua kinywa nikimwosha. Kilikuwa kimejaa majani ya mlimau, yametafunwa yakawa uji. Aliyekufa papo hapo hatafuni majani. Wala hafungi jeraha kwa shati, mafundo mawili, yakaloa damu yote mawili." Akaweka bakuli chini. "Ulikuwa unangoja nini?"

Liborio aligeuka. Aliwatazama ndugu wawili wa Masi. Walikuwa wanamtazama bila hasira, wakitafuna mkate.

"Nenda nyumbani," Rusulia alisema. "Sitaki iwe humu ndani."

Akatoka. Kwake palikuwa juu, ng'ambo ya bustani, safu kumi na nne. Milimau yote elfu mbili ilikuwa imetoa maua, meupe hadi chini, na nyuki walivuma kiasi kwamba humo ndani mtu hakuweza kusikia nyayo zake mwenyewe. Alikuwa hajaingia safu ya kwanza aliposikia, nyuma yake kwa Rusulia, viti viwili vya wale ndugu vikiburutwa sakafuni.